Mama Odete na Juisi Iliyofifia

Tarehe 30 Juni 2008 Mama Odete Orlando anakabidhi funguo za banda la sungura la kituo chetu cha utafiti hapa Mahurunga, baada ya miaka kumi na tisa. Alianza mwaka 1989 kwa kupalilia choya, yaani rozela. Siku alipomkamata sungura aliyewashinda wanaume watatu, wakampa banda lote.

Mimi ni kibarua wa kuchota maji, kwetu Kigoma, shule niliishia darasa la tano. Nimeambiwa niandike maneno haya ya kumuaga kwa sababu mwaka 2002 nilikuwepo.

Mwaka huo Dk. Shabani, mtafiti wetu, alitaka kujua kama juisi nyekundu ya choya inazuia mafuta kuganda kwenye mishipa ya damu. Sungura wote walilishwa mafuta. Nusu walinyweshwa juisi, nusu maji. Mara mbili alikuwa amejaribu, tofauti ikawa ndogo. Machi akaenda Dar es Salaam, mvua zikafunga barabara ya Rufiji. Huku nyuma friji likafa. Juisi ikageuka kahawia kama chai ya jana, na msimu wa choya ulishapita. Mama Odete akawanywesha sungura hiyohiyo kwa wiki saba.

Tulimshauri aandike daftarini "nyekundu", asije akafukuzwa. Mimi ndiye niliyemsumbua zaidi. Yeye, mjane mwenye watoto wanne, akaandika: "Juisi ya kahawia. Nimetoa mimi, Odete."

Dk. Shabani aliporudi akashika kichwa. "Mama, umeniharibia mwaka mzima!"

"Mwaka upo palepale, daktari," akajibu. "Umefifia tu."

Sungura walipopasuliwa, mishipa ya wale wa juisi ilikuwa safi kuliko yote tuliyowahi kuona! Wapimaji wa Dar wakakuta rangi imevunjika, zimebaki asidi ndogondogo. Huenda hizo ndizo zinazokinga. Tukarudia mara mbili kwa juisi tuliyoiacha ififie makusudi, majibu yakawa yaleyale. Kwa binadamu bado haijapimwa, kwa hiyo msiache dawa zenu.

Daftari lingesema "nyekundu", tungeisifu juisi isiyohusika. Kwenye ripoti jina la Mama Odete liko la pili, chini ya la daktari. Alisomewa mbele yetu sote, akaomba asomewe tena.

Ahsante, Mama. Ulitukatalia tulipokosea, na kituo kizima kikapata jina. Nenda kapumzike, ule ushibe, uwe na afya na raha siku zako zote.