Maisha ya Marehemu Wembe, Mpiga Pasi wa Suruali za Gwaride

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 10 Juni 2024, marehemu alikunywa chai barazani akalalamika kwamba haina sukari. Mumewe akamwambia ni amri ya daktari. Akasema, "Basi daktari na aje ainywe." Kisha akamtazama mumewe.

"Unakwenda wapi na hilo shati?"

"Dukani tu."

"Kwani dukani hakuna watu?"

Mumewe akalivua. Marehemu akalipiga pasi akiwa ameketi, kwa kuwa miguu ilikuwa imevimba na hakuweza tena kusimama kwa muda mrefu. Binti yao akatoka ndani na simu mkononi. "Mama, Bwana Sinema anasema anataka jibu leo. Wenye pesa zao hawangoji tena."

"Mwambie jibu ni lile lile."

Mumewe alivaa shati likiwa bado na moto wa pasi, akaenda dukani. Hiyo ndiyo iliyokuwa asubuhi yao ya mwisho ya kawaida.

Huyo Bwana Sinema ni kijana mtengeneza filamu. Alitaka kutengeneza filamu ya jambo ambalo marehemu na wenzake walilifanya ujanani. Wengi waliofika leo walimjua marehemu kama bibi asiyependa kunyanzi, basi. Kwa hiyo jambo lenyewe litaelezwa hapa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1949, mtoto wa pili wa mshona viatu na mama aliyefulia watu nguo majumbani. Pasi ya mkaa aliizoea mapema, akiwa amepandishwa juu ya kigoda ili aifikie meza.

Alisoma mpaka darasa la sita. Hesabu zilimshinda na hakuona haya kusema hivyo. Mwalimu wake wa kike alikuwa akimsimamisha mbele ya darasa, si kwa sababu ya masomo, bali ili wengine waitazame sare yake. Baba yake alipopofuka macho, aliacha shule akamsaidia mama yake kufua.

Mwaka 1967 aliajiriwa kwenye kiwanda cha kufulia nguo kilichokuwa nyuma ya stesheni ya reli, kile ambacho watu walikiita Dobi Kuu. Shuka za hospitali, vitambaa vya meza vya hoteli na sare za askari, zote zilipita pale. Ukumbi wa pasi ulikuwa juu, wenye madirisha madogo karibu na dari, na wanawake walifanya kazi wamejifunga vitambaa vibichi shingoni. Mashine zilikuwa za mvuke: unalaza nguo, unakanyaga pedeli, kifuniko kinashuka. Suruali ilipangwa mshono juu ya mshono, ndipo mstari uangukie mbele. Mistari ya marehemu ilisimama hata mwenye suruali akikaa. Wenzake wakamwita Wembe, na jina likamganda.

Mashine ya jirani yake ilikuwa ya rafiki yake, Chiriku, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kunyamaza. Pedeli ya mashine ile ilikuwa mbovu kwa muda mrefu. Wanawake walikuwa wamesema, wakaambiwa fundi anakuja. Mwezi Oktoba 1973 kifuniko kilishuka chenyewe kikaubana mkono wa kulia wa Chiriku. Msimamizi, ambaye kwa siri walimwita Kola kwa kuwa hakuacha kuishikashika kola yake, alimpa Chiriku kitambaa cha kufungia, akamwambia aende nyumbani asirudi. "Mkono mmoja haupigi pasi," alisema.

Wanawake walikwenda kwa meneja. Meneja aliwaonyesha dirishani watu waliosimama langoni wakitafuta kazi. Wakarudi kwenye mashine zao.

Jioni walikwenda kumwona Chiriku. Alikuwa kitandani, mkono umefungwa bendeji mpaka kiwiko, na bado anaongea. Wiki ile Dobi Kuu ilikuwa imeletewa sare zote za gwaride kubwa la kuwapokea wageni wa serikali. Mmoja akasema, "Tungegoma, lakini tutafukuzwa." Chiriku akasema, "Msigome. Fanyeni kazi. Ila suruali zao zipigeni ubavuni, waende kama masanduku." Walicheka mpaka mama mwenye nyumba akagonga ukuta. Wakaondoka wakicheka, na walipofika njia panda hakuna aliyekuwa anacheka tena. Marehemu alisema siku zote kwamba hapo hakuna aliyeuliza mwenzake kitu. Kesho yake kila mmoja alifanya tu.

Waliilaza kila suruali chali kama mtu aliyelala, wakafunga kifuniko. Mistari ikaangukia ubavuni, juu ya mishono, mikali kama kawaida yao. Walizikunja vizuri, wakazifunga, wakazipakia kwenye lori. Kola alihesabu mafurushi tu.

Jumamosi, tarehe 20 Oktoba 1973, gwaride lilipita barabara kuu. Askari walikuwa wamevaa harakaharaka alfajiri, na asiye na suruali nyingine angefanya nini? Suruali zilikuwa bapa mbele na nyuma, zimechanua kando kama milango ya kabati. Upepo ulipovuma zilijaa. Bendi ilipofika, mpiga ngoma kubwa hakuiona miguu yake. Watu barabarani walikodoa macho kwanza, kisha mtoto mmoja akacheka, kisha barabara nzima. Mgeni mkuu aliuliza kwa adabu kama hiyo ndiyo mitindo ya nchi, akajibiwa ndiyo.

Jumatatu meneja alipanda ukumbini mwenyewe. Alitaka kumjua aliyeanzisha. Wanawake wote wakainua mikono, hata mfagiaji ambaye hakuwa na mashine. Kuwafukuza wote hakuweza, kwa sababu shuka za hospitali zilikuwa zimejaa mpaka mlangoni na wale wa langoni hakuna aliyejua mashine zile. Marehemu ndiye aliyesema walichokitaka: Chiriku arudi, na pedeli zitengenezwe. Fundi alikuja siku hiyo hiyo. Chiriku alirudi mwezi uliofuata, akawekwa kaunta ya kupokea nguo, mahali ambapo kuongea kulikuwa sehemu ya kazi.

Magazeti hayakuandika hata mstari. Picha zote za gwaride zilikatwa kiunoni.

Mume wa marehemu alikuwa mchochea boila wa kiwanda kile, chini kabisa. Siku ile ya suruali yeye alitoa mvuke tu. Desturi ilikuwa kwamba mvuke ukipungua, wanawake hugonga bomba kwa kiango cha nguo, naye huongeza moto. Mwaka 1974 bomba la upande wa marehemu likaanza kugongwa hata mvuke ukiwa tele. Mwisho mumewe akapanda kuuliza kuna nini. Akajibiwa, "Hakuna kitu. Nilitaka kuona nani yuko huko chini." Walifunga ndoa tarehe 12 Aprili 1975. Chiriku alikuwa msimamizi wa bibi harusi, akampokonya mshereheshaji kazi yake.

Walijaliwa watoto watatu. Wakipata nafasi walikwenda sinema, wawili peke yao. Filamu iwe nzuri vipi, marehemu alitoka akisema, "Yetu ilikuwa nzuri kuliko hii." Alistaafu mwaka 2004. Dobi Kuu ilivunjwa, sasa ni maegesho ya magari.

Mwaka 2021 mjukuu wake alisimulia kisa hicho chuoni, na hivyo ndivyo Bwana Sinema alivyofika nyumbani. Alisikiliza mpaka chai ikapoa. "Bibi, hii ni sinema!" alisema. Marehemu akamjibu, "Ulikuwa wapi siku zote?" Familia haikuwahi kumwona na furaha namna ile. Alimwonyesha jinsi ya kulaza suruali, akamfanya arudie mpaka akaweza.

Mwaka jana moyo wa marehemu ulianza kuchoka, na maji yakajaa miguuni. Mwezi wa Mei mwaka huu Bwana Sinema alirudi na hadithi iliyokwisha andikwa. Ndani yake Chiriku anakufa kwa yale majeraha, na Wembe, akiwa amesimama kando ya kaburi la rafiki yake, anabuni ile njama peke yake.

"Lakini Chiriku huyu hapa," marehemu alisema. Na kweli alikuwepo, anakula biskuti.

"Najua, bibi. Ila watazamaji lazima walie."

"Walie makwao."

Chiriku akasema, "Mimi niueni tu, sina neno. Mradi atakayeigiza mimi awe mzuri wa sura."

"Wewe nyamaza."

"Nimenyamaza lini?"

Bwana Sinema alieleza kwa heshima kwamba bila kifo hicho wenye fedha watajitoa, na hakuna mwingine wa kuwafuata. Marehemu akakataa. Mumewe alitaka akubali. Alitaka mkewe aione kwenye pazia kubwa kabla muda haujakwisha, na alimwambia, "Kubali, mke wangu. Ni picha tu."

Ile Jumatatu ya shati, alasiri, marehemu alianguka jikoni. Alilazwa hospitali, wodi ya wanawake. Wenye fedha walijitoa Jumanne, na Bwana Sinema alikuja wodini kusema hivyo mwenyewe, jambo ambalo familia inamshukuru. Marehemu alifariki dunia Ijumaa, tarehe 14 Juni 2024, saa tisa alasiri, mumewe na binti yake wakiwa kando yake.

Ameacha mume, binti ambaye ni muuguzi, wana wawili, mmoja dereva wa lori na mwingine fundi wa kuchomelea, wajukuu, dada yake mdogo, na Chiriku, ambaye yuko hapa mstari wa mbele na ameshalalamika kwamba kiti ni kigumu. Mungu amlaze pema, apumzike baada ya kusimama miaka mingi.

Jana Bwana Sinema alifika msibani. Alisema wenye fedha wamemrudia, na kwa kuwa marehemu hayupo, sasa ruhusa ni ya mumewe. Mumewe alimpa maneno aliyoyasikia Alhamisi pale wodini, alipomwomba mkewe kwa mara ya mwisho akubali. Marehemu alisema hivi:

"Tulifanya yale yote ili Chiriku arudi kazini. Sasa wao wanataka asirudi."