Pambizo ya Ukurasa wa Kumi na Tisa

Ijumaa, tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Mama Pambizo atavua aproni yake ya turubai, ataitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango, na kuiaga karakana ya ukarabati wa vitabu, katika maktaba aliyoitumikia kwa miaka thelathini na minne na miezi mitano. Msumari huo aliupigilia mwenyewe. Idara ya majengo imeshauliza mara mbili kama ung'olewe. Tumejibu hapana.

Alianza kazi chumba cha mapokezi ya vitabu, akibandika lebo. Mwaka haukuisha kabla fundi mkuu wa wakati huo, mzee mwembamba tuliyemwita Mzee Uzi, hajagundua kwamba lebo za binti huyu zilinyooka hata juu ya vitabu vilivyopinda. Akamwomba ahamie karakana, chumba cha chini, mlango wa tatu baada ya ngazi. Huko alijifunza kupaka uzi nta, kushona kurasa, kupika gundi ya unga wa ngano na kukaza shinikizo, ile mashine ya kubana vitabu, bila kuumiza mgongo wa kitabu. Gundi hiyo ilipata sifa ya pekee siku karani mpya alipokuta sufuria ya moto mezani, akajichotea kikombe na kukiri mbele ya watu kwamba uji wa karakana haukolei sukari.

Wengi watamkumbuka kwa mwaka ule bomba lilipopasuka juu ya ghala. Vitabu elfu moja na mia mbili vililowa. Mama Pambizo alivisimamisha wima sakafuni, kurasa zimefunguka kama viganja, akawasha feni zote za jengo, na kwa siku tisa akawa anapita katikati yake akigeuza na kubadilisha karatasi za kunyonya maji. Tulipoteza kumi na kimoja tu. Mkurugenzi alipokuja kumpongeza aliambiwa avue viatu kwanza.

Kimo cha ngazi ya kufikia rafu za juu ndicho kilichomshinda. Kwa miaka yote hiyo hajawahi kupanda zaidi ya kipandio cha pili, na hata hapo lazima mtu amshikie, akae kimya, asifanye mzaha. Ndiyo maana wageni hushangaa wakisikia kwamba nyumbani kwake, sebuleni, kuna vitabu sabini na vitatu vya kuongoza wapanda miamba, vingine vya zamani sana, na kwamba watu wanaoning'inia kwenye majabali kwa kamba humwandikia kutoka mbali kumuuliza habari za chapa fulani na mwaka fulani. Mume wake, dereva wa lori, hueleza jambo hilo kwa kifupi: "Nilioa mke, nikaletewa mlima."

Chanzo chake kiko hapa kazini, na ni kosa. Yeye mwenyewe ameomba liandikwe.

Mwaka wake wa tatu, chama cha wapanda miamba cha mji huu kilivunjika na mali zake zikagawanywa. Maktaba ikapewa kitabu cha chama: kidogo, cha kuingia mfuko wa shati, jalada la kitambaa cha kijani, kurasa sitini na nne. Kilieleza njia arobaini na mbili za kupanda majabali yaliyo nje ya mji; wapi pa kuweka mguu, wapi pa kufunga kamba, wapi pa kurudi ukiona mawingu. Wanachama walikuwa na desturi yao. Aliyerudi salama aliandika kwa penseli kwenye pambizo, nafasi tupu iliyo pembeni mwa maelezo ya njia aliyopita, alichokikuta huko: jiwe lililolegea, nyuki, maji yanayochuruzika. Aliyetaka kwenda kesho yake alikaa kwanza na kitabu hicho, akanakili maneno hayo katika nakala yake mwenyewe.

Mama Pambizo hakuijua desturi hiyo. Alichokiona ni mgongo uliokatika na kingo zilizochakaa, na kwa fundi wa majalada, ukingo uliochakaa ni kama kola chafu. Akakishona upya, akakiweka chini ya mashine ya kukatia, akaondoa milimita nane pande tatu. Kitabu kikatoka kimenyooka kama tofali jipya. Mzee Uzi, ambaye sifa zake zilitoka kwa kijiko, alisema: "Sasa wewe ni fundi, mwanangu."

Wiki mbili baadaye akaja mwalimu wa hesabu. Alikuwa amefanya kazi nchi nyingine kwa miaka minane, na katika miaka hiyo kaka yake, aliyemfundisha kupanda, alifariki kwa maradhi. Siku ya mwisho waliyopanda pamoja, kaka alikaa chini na kitabu cha chama, akaandika ukurasa wa kumi na tisa, na mdogo wake alipochungulia akakifunga, akacheka: "Ngoja, utasoma siku yako." Siku yake ndiyo ilikuwa hiyo. Alifungua kitabu pale mezani, akakuta pambizo nyembamba, nyeupe, na vichwa vya herufi tatu vilivyobaki kwenye ukingo.

Aliuliza maandishi yako wapi. Mama Pambizo alimwonyesha kapu la taka, ambalo lilikuwa limemwagwa siku kumi zilizopita. Mwalimu akafunga kitabu taratibu, akampa mkono. "Haidhuru, dada. Umekishona vizuri sana." Mama Pambizo husema kwamba angetukanwa siku ile, huenda angesahau.

Jina la Mama Pambizo lilianzia hapo. Mzee Uzi ndiye aliyelitoa, kwa utani wenye mwiba, na yeye akalipokea. Tangu siku hiyo hakuna kitabu kilichokatwa ukingo katika karakana yetu. Mashine ile imegeuka meza ya kuwekea chai.

Hakuishia kwenye majuto. Alifanya hesabu rahisi: ikiwa wanachama walikuwa wakinakili, basi maneno ya yule kaka yapo mahali, kwa mwandiko wa mtu mwingine. Nakala za kitabu cha kijani zilichapwa mia tatu tu. Akaanza kuzitafuta. Alipita kwa wauza vitabu vikuukuu, akaandika barua kwa wajane na watoto wa wanachama, akatumia likizo zake kwenye nyumba zinazohamwa. Huko alikuta pia ndugu wa kitabu hicho, miongozo ya majabali ya kwingine, na hakuweza kuiacha ikitupwa.

Hivyo akawa bingwa bila kukusudia. Ni yeye aliyetueleza kwamba katika chapa ya kwanza ya kitabu cha kijani mchoro wa jabali kubwa ulipigwa kinyume, kushoto kukawa kulia, na mpandaji aliyeufuata angejikuta akipapasa ufa usiokuwapo. Mchapaji alitia ndani kijikaratasi cha masahihisho, na kijikaratasi hicho, kwa kuwa hakikushonwa, kilipotea karibu kila mahali. Mama Pambizo anavyo viwili. Vyote alivikuta ndani ya vitabu visivyohusika, vikitumika kuonyesha msomaji alipoishia.

Mimi ninayeandika haya nilikaa meza ya katalogi, yaani orodha ya vitabu, ghorofa moja juu yake, na kila nakala iliyopatikana niliisoma naye wakati wa chai. Niliondoka kwetu miaka arobaini na moja iliyopita. Barabara za huko zimebaki kichwani mwangu tu, na kila mwaka kona moja inafutika. Maelekezo ya mahali mtu asipokwenda hayajawahi kunichosha.

Nakala ya kwanza ilikuwa safi, haijafunguliwa. Ya tano ilikuwa na maandishi kila ukurasa isipokuwa wa kumi na tisa. Ya saba ukurasa huo ulichanwa. Binti wa Mama Pambizo, ambaye ni nesi, alimshauri aache, akamwambia, "Mama, hata huyo mwalimu ameshasahau." Jibu lake lilikuwa kwamba aliyekata ni yeye, si mwalimu.

Septemba iliyopita, mjane wa daktari wa meno alituletea sanduku la vitabu vya marehemu. Cha kijani kilikuwa chini kabisa, kimeviringishwa kwenye soksi. Daktari alikuwa mwanachama, na mwandiko wake ulikuwa mdogo na wa mraba, kama wa mtu aliyezoea kufanya kazi mdomoni mwa watu. Ukurasa wa kumi na tisa, pembeni, aliandika: *Nimenakili kutoka kitabu cha chama. Jiwe la tatu linacheza, msilishike. Juu yake njia ni nyepesi. Mdogo wangu amepita hapa leo bila kuomba kamba. Mkimwona msimwambie nimesema, atavimba kichwa.*

Mama Pambizo alisoma mara moja, akavua miwani, akaniomba nimpigie mwalimu simu mimi.

Mwalimu alikuja keshoye. Ana miaka sabini na mmoja, anatembea na mkongojo, na hakuwa amesahau hata kidogo. Alisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akasema, "Mshenzi huyu! Miaka yote alikuwa akiniambia napanda kama gunia."

Wakati huo Mama Pambizo alikuwa ameshatoa kitabu cha chama, kile alichokikata. Kabla mwalimu hajafika alikuwa ameunga ukanda wa karatasi mpya pembeni mwa ukurasa wa kumi na tisa, wa milimita nane, mwembamba hivi kwamba kidole hakihisi kiungo. Akakiweka mbele yake. Halafu yeye, ambaye kwa miaka thelathini na minne amewafukuza wasomaji kwa kosa la kalamu, akachonga penseli, akampa mwalimu, na kumshikia ukurasa alipokuwa akinakili maneno ya kaka yake.

Vitabu vyote sabini na vitatu ameiachia maktaba. Vitakaa kabati la kioo karibu na chumba cha kusomea, rafu ya chini, kama alivyotaka, pasipohitaji ngazi.

Mama Pambizo, ahsante kwa kila mshono na kwa kutufundisha kuangalia pembeni kabla ya kukata. Tunakutakia maisha mema, marefu, na pambizo pana.