Dawa Haina Nyongeza

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa! Nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe, na nyinyi mlionibeba kwenye machela mnajua hilo si jambo dogo.

Ndugu zangu, presha nimeishi nayo muda mrefu. Kila asubuhi nilimeza vidonge vya aina mbili, na mzee wangu, Baba Felista, ndiye aliyeniletea kwenye kisahani pamoja na uji. Hakusahau hata msimu wa kuvuna njegere.

Kisha kliniki ya mjini Morogoro wakanibadilishia, wakanipa kidonge kimoja. Mimi nilisikia "dawa mpya", basi. Nyumbani, mzee akakigeuzageuza kiganjani.

"Kimoja? Wamekupunja, Mama Felista!"

Mnamjua. Sokoni hauzi fungu la njegere bila kutia nyongeza juu. Basi na mimi akanitilia: kile kipya, pamoja na vile vya zamani vilivyobaki. Nikameza vyote, maana vilitoka mkononi mwake.

Dunia ikaanza kuzunguka! Nikisimama, macho yanaingia giza. Mzee akaogopa, akazidi kunihimiza: "Meza, mama, usiniache peke yangu na milima hii." Mpaka asubuhi moja nikaanguka shambani, nikabingirika kwenye matuta hadi mferejini. Mkaja mkiomba na kulia, mkanishusha hadi barabarani.

Kliniki wakakuta presha imeshuka vibaya. Daktari, binti mwenye sauti ya upole, akamwomba mzee atoe dawa zangu zote. Mungu ni mwema, alikuwa amezibeba kapuni, na kisahani juu!

"Shikamoo, babu. Hiki kimoja, ndani yake zimo hizi mbili. Tumempa baada ya kuona zote mbili zinamfaa, na kiasi chake tumeshakijua. Ukiongeza za zamani, anakunywa dawa ile ile mara mbili."

Mzee akainamisha kichwa. "Kumbe nilikuwa namuua?"

"Ulikuwa unampenda, babu. Ila dawa haina nyongeza."

Wakanilaza mpaka presha ikakaa sawa. Mungu akaniinua!

Ndugu zangu, naeleza taratibu kwa sababu dawa za mseto ziko majumbani mwetu: za presha, za malaria, hata za mafua. Kidonge ni kimoja, dawa ndani ni zaidi ya moja. Ukipewa mpya, uliza: hii inaongezwa juu ya ile, au inachukua nafasi yake? Wala mtu asiache dawa kwa kuuogopa ushuhuda wangu. Beba zote kapuni, ukazioneshe. Mtumaini Mungu, naye atakupa mtu wa kukufafanulia, kama alivyonipa mimi.

Asanteni kwa mabega yenu. Kisahani bado kinakuja kila asubuhi, kidonge kimoja kikitelezateleza peke yake. Mzee hukitazama, naona mkono unavyomwasha. Nyongeza yake siku hizi anaitia kwenye uji: upawa mmoja zaidi.