Helmeti Iliyobaki Maretadu

Kijiwe chetu kipo Mbulu mjini, kwenye ukuta wa duka la mbolea, pale jua la asubuhi linapofika kwanza. Hiyo ndiyo sababu ya kukaa pale, mtu asikudanganye kwamba tulichagua mandhari. Mbulu kuna baridi ya kumfanya mtu mzima avae koti la harusi siku ya kawaida, na ukishapata jua, na Salma akakumiminia kahawa yake ya tangawizi, huna tena sababu ya kugombana na mtu. Sisi tunagombana hivyo hivyo. Benchi linachukua watu wanne wakikaa kwa amani, na watano kukiwa na ubishi. Jumamosi ile tulikuwa watano.

Ubishi ulikuwa juu ya gari la Bashiri, mume wa huyo Salma, ambaye kijiweni tunamwita Gia Tano. Ni Starlet nyekundu ya milango miwili, kuukuu, iliyokuwa ikibeba magunia ya vitunguu saumu mpaka siku Bashiri alipojiunga na klabu ya mbio za magari. Wanachama ni watu wa kawaida tu, walimu, wauza spea, fundi cherehani mmoja wa Katesh, ambao mwisho wa wiki wanavaa ovaroli na kushindana na saa. Hakuna anayelipwa. Wewe ndiye unayelipa, kuanzia ada mpaka mtungi wa kuzimia moto, na mikanda ya kujifunga kama mgonjwa wa mgongo, na vyuma vya kuzungusha ndani ya gari ili likipinduka ubaki na umbo lako. Matairi ndiyo usiseme, yanaisha kabla hujayazoea. Na ukishalipa, klabu inakutaka usimame juani na bendera kwenye mbio za wenzako, ndipo na wao wakusimamie za kwako. Bashiri amesimama na bendera Babati, amesimama Katesh, amesimama mpaka pua ikababuka. Friji ya duka lao la vyakula, ambayo Salma alikuwa anaisubiri, imeishia kwenye vyuma na matairi.

Halafu mbio zikaletwa kwetu. Wiki mbili kabla ya siku ninayoisimulia, waliondokea uwanja wa mpira, wakapita Nambis, wakageuzia Maretadu, wakarudi uwanjani pale pale. Kila gari linaondoka peke yake na saa inahesabu. Mji mzima ulikwenda uwanjani kumsubiri Bashiri. Yakarudi magari yote, hata la fundi cherehani, ambalo lilikuwa linavuja. Bashiri alitokea watu wa klabu wakiwa wameshaanza kukunja turubai. Akashuka, akasema neno moja, klachi. Bonaventura, anayekaa pembeni yake kumsomea kona na ambaye kwa hiyo tunamwita Ramani, naye akasema klachi, akatazama viatu vyake. Alikuwa kichwa wazi. Helmeti yake ya njano, mali ya klabu, alisema imepotea.

Basi Jumamosi hiyo Salma aliweka birika kwenye jiko la mkaa, akatusalimia vizuri, kisha akamwambia mumewe mbele yetu sote.

— Kama ni klachi, kesho kutakuwa na klachi nyingine. Yule mtu wa Dongobesh analitaka gari, anasubiri jibu. Birika hili likiisha uniambie, linauzwa au haliuzwi.

Akarudi kwenye kigoda chake. Bashiri hakugusa kikombe. Mimi nilimhurumia, nasema kweli. Tangu utoto amekaa nyuma ya kaunta ya baba yake akipima sukari, na kitu pekee ambacho nimewahi kumwona anakitaka kwa moyo wake ni kile kigari. Kwa hiyo nikaanza kunywa polepole, nalowesha midomo tu. Agustino, jirani yangu wa benchi, akaelewa, naye akalowesha. Nikolausi ndiye aliyekuwa anagida, kwa sababu alishapatana na mtu wa Dongobesh kuhusu kiti cha mbele. Anakitaka kwa ajili ya sebule yake.

Agustino tunamwita Injinia tangu alipotengeneza redio ya paroko ikaongea mpaka jioni. Yeye ndiye aliyefungua mjadala.

— Klachi haina kosa, alisema. Kosa ni uzito. Umeweka vyuma, umeweka mtungi, umeweka Bonaventura. Gari limechoka kabla halijaondoka.

— Wenzake nao walikuwa na vyuma, nikasema.

— Vya Arusha vile. Ni vyembamba, wamevipaka rangi tu vionekane vinene.

Nikolausi, ambaye jina lake la kijiweni ni Bunge, alinyoosha kikombe aongezewe, nasi tukamtazama kwa chuki.

— Uzito si kitu, akasema. Ni baridi. Petroli inatoka Babati kwenye joto. Ukiileta huku juu inajikunyata ndani ya tenki, haitaki kutoka. Mimi nimeiona kwa macho.

— Umeionea wapi petroli ikijikunyata? Injinia akauliza.

— Kwenye pikipiki ya shemeji yangu.

— Pikipiki ya shemeji yako haina tenki, inatumia chupa.

— Ndiyo maana nikaiona.

Injinia hakukubali kushindwa. Alisimama, akaenda mpaka kwenye Starlet, iliyokuwa imeegeshwa hapo hapo mbele yetu na namba yake ya mbio bado mlangoni. Akatuonyesha kwamba tarakimu za mlango wa kushoto ni nene kuliko za kulia. Gari la namna hiyo, alisema, kila likishika kasi linavutwa kushoto kidogo kidogo, na kutoka hapa mpaka Maretadu na kurudi, kushoto kidogo kidogo ni kama kwenda Singida. Bunge akasema hayo yote ni madogo, tatizo lilikuwa saa ya klabu. Saa ile imezungushwa kwenye mbio za magari miaka yote, imeshazoea mwendo, sasa inakimbia yenyewe. Ukiiweka kanisani, misa inaisha kabla padri hajavaa.

Salma alitingisha birika. Kwa mlio wake tulijua limebaki kidogo.

— Ramani, nikamgeukia Bonaventura, wewe ulikuwa ndani. Hebu sema.

— Klachi.

— Na helmeti nayo imekwenda na klachi?

Bonaventura akamwangalia Bashiri, Bashiri akaangalia barabara. Injinia akatumia nafasi hiyo kueleza kwamba kichwa kikitoka dirishani kwa kasi, upepo unanyonya helmeti kama mtu anavyonyonya mfupa, na bila shaka ilidondokea chini ya gari, ikaviringika mbele ya tairi, ikawa breki. Bunge aliongeza kwamba kuna watu walikuwa porini na ndoano za kuopolea helmeti. Bashiri alikuwa anasikiliza haya yote na uso umemshuka, na Salma naye anatuangalia kama watu anaowamiminia kahawa bure, na pengine alikuwa na haki.

Hapo pikipiki ikasimama ng'ambo ya barabara, akashuka bibi mmoja mwenye blanketi begani na kikapu mkononi. Alipovuka kuja kwetu tulisimama wote watano, tukampa shikamoo zetu mmoja mmoja, naye akaitika moja moja bila kuruka. Kisha akalitazama lile gari jekundu, akaridhika.

— Ndilo hili. Namtafuta mwenye nalo. Mimi ni Letisia, wa Nambis.

Akaingiza mkono kwenye kikapu, akatoa helmeti ya njano. Kahawa ya Bonaventura ilimwagikia suruali, wala hakushtuka.

— Mliiacha kwa mwanangu Agatha, kule Maretadu. Mnisamehe kwa kuchelewa, kuku alikuwa ameshataga ndani.

Tulimpisha akae katikati ya benchi, tukamwomba atuambie tangu mwanzo. Siku ile ya mbio, alisema, mgambo walikuwa wamefunga barabara, hakuna pikipiki wala lori. Yeye alikuwa na kibuyu cha samli, anampelekea Agatha aliyekuwa amejifungua, na alikaa kando ya barabara tangu alfajiri. Magari yakaanza kupita. Kila gari alilinyooshea mkono, na kila gari lilimpa vumbi. Hili jekundu nalo lilipita. Halafu likasimama, likarudi nyuma.

— Nilitaka kusalimia tu, Bashiri akasema, kwa sauti ndogo. Nilipita sijatoa shikamoo.

Hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Hakuna mtu wa huku anayeweza kumsalimia bibi mwenye mzigo, akaitikiwa marahaba, kisha akafunga kioo na kuondoka. Sheria ya klabu ni kwamba anayekaa mbele lazima avae helmeti, kwa hiyo Bonaventura alivua yake, akamvalisha bibi juu ya kilemba, akajikunja nyuma kati ya vyuma. Wakafika Maretadu. Agatha akatoka, majirani wakatoka, ukatoka na uji wa maziwa. Kwenye nyumba ya mzazi hutoki bila kuonja, itakuwa umemkataa mtoto.

— Huyu mwembamba alirudia, bibi akasema, akimwonyesha Bonaventura.

— Kwa hiyo klachi ilikuwa uji, Bunge akasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuna aliyembishia.

Salma alikuwa ameshasogea na birika lake. Akatafuta kikombe kisafi, akamimina, na kikombe cha bibi kilipojaa, birika likatoa matone mawili likaacha. Akabaki amelishika, anamtazama mumewe.

— Kwa nini hukuniambia?

— Ningesemaje? Kule klabu wangenicheka mpaka mwakani. Na wewe ungesema friji yako naitumia kubebea watu bure.

Salma hakukana. Bibi Letisia alikunywa mpaka nusu, akafuta mdomo kwa ncha ya blanketi, akamgeukia Bashiri.

— Nikuulize, kijana, maana imenisumbua tangu siku ile. Mlikuwa na haraka sana, hata uji mmeunywa mmesimama. Mlikuwa mnawahi wapi?

— Maretadu, bibi.

— Maretadu mlikuwa mmeshafika.

— Pale tunageuza tu. Tunarudi hapa uwanjani.

— Uwanjani kuna nini?

— Ndipo tulipoondokea.

Bibi akautazama upande wa uwanja, akalitazama gari, akatutazama na sisi, kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kuelewa.

— Sasa kama mnarudi pale pale, mliondoka kufuata nini?

Bunge, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu nimfahamu, alichungulia kikombe chake kama kuna kitu kimeandikwa chini. Bonaventura aliipakata helmeti, akawa anatoa majani ya kiota kimoja kimoja. Mimi nilitafuta jibu kwa dhati, na bado nalitafuta.

— Birika limeisha, Salma akasema.

Bashiri akainuka. Alitoa funguo mfukoni, akazitazama, na uso wake ulivyokuwa sikutaka kuutazama. Nadhani alikuwa anataka kumkabidhi Salma. Lakini bibi alikuwa ameshamaliza kahawa, ameshika kikapu chake, anauliza kama kuna pikipiki ya kurudi Nambis, maana ile iliyomleta imemkimbia. Bashiri akamtazama Salma. Salma akatazama pembeni. Basi Bashiri akaenda kufungua mlango wa gari.

Bibi aliichukua helmeti mapajani kwa Bonaventura, akajivika mwenyewe bila kuambiwa, akaingia mbele, akatafuta mikanda. Bonaventura akajikunja nyuma na karatasi zake za kona mkononi. Nikolausi aliuliza kile kiti cha mbele sasa itakuwaje, na bibi akakikalia vizuri.

— Mwendo wa polepole, Salma akamwambia mumewe dirishani. Na wakikupa uji, unywe umekaa.

Gari likaondoka taratibu, halikutimua hata vumbi. Halijafika kona, simu ya Salma ikaita juu ya kigoda, na hata Injinia alijua ni mtu wa Dongobesh. Salma aliitazama mpaka ikanyamaza. Halafu akachukua dumu, akajaza birika maji, akaliweka tena jikoni.