Valerian Aliyeufuata Waya Migombani

Ukoo umekosa msomaji. Baba mzazi hana sauti tangu Jumamosi, walimu wenzake wanalia, basi akasukumwa mbele Bibi Mektrida, aliyeishia darasa la pili, aisome historia ya mjukuu mwenye digrii tatu, wakati kwa akili ya kawaida mjukuu ndiye aliyepaswa kuisoma ya bibi. Haya, amesimama, msikilizeni.

Marehemu Valerian Wenseslaus alizaliwa tarehe 14 Februari 1961 hapa Kirua Vunjo, mtoto wa kwanza wa Wenseslaus na Dominika, akasoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari mjini Moshi, mwaka 1986 akamaliza hisabati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akaenda Uholanzi, akarudi 1996 akiwa daktari asiyetibu mtu, daktari wa kompyuta. Alifunga ndoa na Theodora tarehe 8 Agosti 1992, akiwa likizo, wakajaliwa Violet na Lucky.

Kuhusu utafiti wake, alivyomweleza bibi yake jikoni, mwanafunzi anayeiandikia kompyuta maagizo akikosea, mashine humjibu maneno yasiyoeleweka, mtoto akakata tamaa akaenda zake, kwa hiyo yeye alitengeneza programu inayoonyesha maagizo yakitembea moja baada ya jingine mpaka pale yalipokwama, kama mtu anavyofuata mfongo, mfereji wetu wa maji, kutoka banio hadi shambani aone maji yanapotorokea. Bibi akamwambia kuonyesha watu makosa yao ni kazi anayoifanya yeye miaka yote bila kwenda Uholanzi, marehemu akacheka hadi akamwaga mbege, akasema Bibi, tofauti ni kwamba kompyuta yangu haimtukani mtu.

Mwaka 2002, akifundisha chuo mjini Moshi, aliweka kompyuta nne sebuleni kwake hapa Kirua, akaziunganisha na mtandao kwa waya wa simu, na jioni watoto wa mlimani wakasoma masomo yaleyale ya chuo, mwalimu akiwa mjini nao wakiwa huku, wakikwama anawaona palepale. Lakini tangu Februari mwaka huu kompyuta zilikuwa zikizimika katikati ya somo, mbili zikaungua, watoto wakaanza kupungua. Marehemu alimuuliza mdogo wake Gidioni, mtoto wa baba mdogo, ambaye kihamba chake, shamba lake la urithi, kinapakana na cha marehemu, kama anamwibia umeme, na Gidioni aliapa mbele ya bibi, rozari mkononi, kwamba hata mita haijui ilipo, akaongeza kuwa mashine za wazungu haziwezi baridi ya mlimani.

Jumamosi tarehe 17 Aprili 2004 marehemu alipanda kutoka mjini, akanywa uji kwa bibi, akaufuata waya mwenyewe, kutoka kwenye mita hadi migombani, akakuta mwingine umepandikizwa kwenda kwenye mashine ya Gidioni ya kukatia majani ya ng'ombe, na ulipochubuka haukufungwa kwa utepe wa fundi bali kwa kamba ya mgomba, kama mzigo wa majani. Kamba ya mgomba, jamani, kwenye umeme, masika hii! Bibi alimsikia akiita, nimeuona, Bibi, njoo uone, bibi akaweka kata chini, na alipofika mjukuu alikuwa ameshaanguka penye kamba ile. Hakuugua hata siku moja, kwa hiyo sehemu ya ugonjwa katika historia hii haipo.

Familia inawashukuru madaktari wa hospitali ya Mawenzi waliompokea, majirani waliombeba hadi barabarani kwenye matope, na walimu wenzake. Valerian, Bwana akulaze mahali penye utulivu.

Kabla hatujaenda kaburini, ukoo unatangaza. Jana Gidioni alikuja na mbuzi, na jani la isale mkononi, na kwa kuwa aliyeletewa isale hawezi kunyima msamaha, Theodora amelipokea, mbuzi akamrudishia. Wazee wakasema msamaha ameupata, malipo bado, wakakichukua kihamba chake chote alichoachiwa na baba yake, kiwe cha darasa la kompyuta la watoto wa Kirua, mikononi mwa Theodora. Ng'ombe wake wametolewa bandani leo asubuhi, na kuanzia sasa Gidioni akitaka hata mkungu mmoja wa ndizi atapiga hodi pale, amwombe mjane.