Mkono wa Mzee Haujastaafu

Korona ilikuwa imewatenga abiria, kiti kimoja mtu, kingine kitupu, kwa hiyo kwenye treni ya kwenda Rooty Hill, kitongoji cha Sydney, siri ya mtu ilisikika behewa zima. Elvire alijifanya anachezea simu, na hakukosa hata neno.

"Mama Léocadie, watakufukuza," mwanaume wa upande wa pili alimwambia mwanamke aliyekaa karibu naye, barakoa ikiwa kidevuni. "Bosi amekataza kushikashika vitu vya wazee tunaowatunza pale kituoni. Wewe unacheza nao mpira?" "Na mmoja tu, papa. Huyo alikuwa mrushaji wa besiboli miaka kumi na mbili, analipwa, uwanja umejaa. Bega likapasuliwa mara tatu, akaacha. Sasa hata kijiko kinamtetemeka, supu inaishia kifuani. Lakini ukimpa ule mpira mgumu, mkono unatulia kabisa." "Basi familia yake imdakie." "Familia imefungiwa nje tangu Juni. Naupaka sanitaiza kila akirusha. Na kesho nitasimama tena kumdakia, mikono mitupu." "Na kazi ikiisha?"

Treni ikasimama. Léocadie akainuka, mkoba begani, akabonyeza kitufe cha mlango kwa kiwiko. Ndipo Elvire alipoona kiganja chake cha kushoto: kimevimba, vidole havikunjiki.

Yule mzee, akawaza, hajastaafu bado.