Mkaguzi Aliyeacha Kupiga Simu Kwanza

Ndugu wafiwa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, mimi ni kitinda mimba wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, naye mwenyewe aliagiza yasirefushwe.

Mama alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa fundi mitambo na mshona nguo, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1963 hadi 1969, akaendelea na sekondari ya wasichana, kisha chuo cha sheria, alikohitimu Novemba 1979. Januari 1980 alianza kazi ya ukarani mahakamani, na tarehe 21 Agosti 1982 alifunga ndoa na baba yetu, fundi umeme, wakajaliwa watoto watatu, wawili wakarithi ucheshi wa baba, mmoja ubishi wa mama, na ndiye anayesoma.

Mei 1999 aliteuliwa mkaguzi katika tume inayosimamia idara ya usalama wa ndani, kazi yake ikiwa kuingia katika nyumba ambamo idara huwaweka watu, kuona nani yumo, na kwa amri ya nani. Sheria ilimruhusu kuingia bila taarifa, lakini nyumba ya kwanza ilikuwa chini ya mdogo wake baba, na mama, aliyelelewa kwamba kwa shemeji huendi kama mvamizi, alimpigia simu siku moja kabla, akajibiwa karibu sana shemeji, chai utaikuta mezani. Chai aliikuta, na ukuta wa chumba cha nyuma aliukuta na rangi mbichi iliyomshika kiganjani, ila mwanafunzi wa ualimu aliyekuwa akitafutwa na wazazi wake hakumkuta, na hajaonekana hadi leo.

Tangu hapo hakupiga simu tena. Alirudi katika nyumba ile ile tarehe 2 Julai mwaka huo huo, mchana, walinzi wakiwa wanakula, akawakuta watu wanne ambao idara ilikana kuwashikilia, wakaachiwa, shemeji akastaafishwa, na kwetu hakukanyaga tena. Bibi, mama yake baba, alisema mama amebomoa nyumba ili kujenga serikali, mama akajibu kuwa adabu zake yeye mwenyewe zimeshampoteza mtoto wa mwenzake. Wazazi wa mwanafunzi yule aliwatembelea kila mwaka, akawaambia hana jipya, akanywa maji, akarudi.

Alistaafu Machi 2016, akabaki kuwafundisha wakaguzi wapya, hadi Februari 2023 alipougua figo, na tarehe 17 Oktoba 2023, asubuhi, akafariki hospitalini, akiacha mume, watoto watatu na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia na kutufulia, na baba mdogo, ambaye amekuja na ameketi nyuma kabisa, tunamwomba asogee mbele. Tunawashukuru wakaguzi wenzake, hasa wawili wasiokuwepo hapa, kwa kuwa tangazo la mazishi lilitoka juzi, na kila mtu katika idara alijua kuwa saa hii tume nzima itakuwa makaburini, hivyo wawili hao wakaja kumwomba baba ruhusa ya kukosa mazishi, naye akawaambia waende, na ninaposoma maneno haya wameshaingia katika nyumba mojawapo ya idara, bila kupiga simu.

Mama, pumzika kwa amani, wenzako wako kazini.